Kampuni ndogo nayo iandike barua ya ajira

Kila bamvua, akina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani hushuka pwani kushughulikia mwani, kilimo kilichoanza kibiashara katika ukanda huo mwaka 1989. Miaka ya karibuni baadhi yao, na hasa mabinti zao waliomaliza skuli, wamefunguliwa mlango mwengine: kampuni ndogo za hapo hapo shamba zinazosaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka, kwa ajili ya watalii na maduka ya Mji Mkongwe. Je, ajira hiyo inafaa kuliko kubaki na kamba zako baharini, au kwenda kutafuta kazi katika hoteli kubwa?

Kwa maoni yetu inafaa, lakini si kwa namna wengi wanavyoingia.

Mkulima wa mwani hapangi bei. Hupangiwa na mnunuzi. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, hufa maji yakipata joto, hivyo wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Hasara ya mwezi mbaya ni yake peke yake. Muajiriwa wa karakana ana mshahara. Tena kampuni ya watu sita haina idara: binti aliyeingia kukata sabuni, baada ya mwaka anajua kununua mali ghafi, kupima, kuweka hesabu, kuzungumza na mteja mgeni, na anajua faida inapatikana wapi. Mwenzake wa hoteli kubwa huenda bado yuko kwenye kufua mashuka. Mtoto akiugua, tajiri anamjua mtoto huyo kwa jina na ruhusa inapatikana.

Kujuana huko huko ndiko kunakoumiza. Tajiri ni jirani, pengine mjomba. Utamdaije mjomba barua ya ajira? Mshahara ukichelewa unaambiwa uvumilie, wageni wamepungua. Kupanda cheo ni shida, kwani juu yako yupo mwenye kampuni na mkewe, basi. Machi 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa ajili ya korona, aliyekuwa akifanya kazi kwa maneno matupu hakuwa na pa kuanzia kudai.

Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya mwaka 2005 inawahusu waajiriwa wa sekta binafsi pia, na muajiri anatakiwa kumuandikisha mfanyakazi wake ZSSF na kumchangia. Tunajua wenye kampuni watalalamika: masika wageni ni haba na michango ni mzigo. Malalamiko hayo tunayaelewa. Lakini barua ya ajira ni karatasi moja tu: kazi gani, mshahara kiasi gani, unalipwa siku gani, na notisi ya muda gani kabla ya kuachishwa.

Binti anayeanza kazi aiombe barua hiyo kabla ya siku ya kwanza, wakati mjomba bado anamhitaji. Na kama anataka kubakisha kamba chache baharini, jambo ambalo tunalishauri, siku za bamvua ziandikwe humo humo. Mama anayebaki na mwani wake pekee naye asidhani ZSSF si yake. Upo mpango wa hiari kwa waliojiajiri.