Gari chini ya bashi

Juma lililopita mmoja wenu alinikamata pale sokoni Tchomia, mikono yake ingali na magamba ya samaki, akaniuliza: "Mama, ile gari ya mzee wako, muliuza ao bado?" Nikamwambia nitajibu katika karatasi yetu hii, maana najua si yeye peke yake anayeuliza. Tuko wengi tulioachiwa na waume wetu kitu tusichojua bei yake. Mmoja ameachiwa moteri ya mtumbwi, mwingine mashine ya kusaga, mwingine pikipiki. Mimi niliachiwa Celica.

Kwa wasioijua: Celica ni Toyota ya milango miwili, iko chini kama mtu aliyechuchumaa, na hii yetu ina taa nne za duara mbele. Toyota walianza kuiunda mwaka 1970, wakaacha 2006. Ya kwetu ni ya 1995, rangi nyekundu. Mzee aliinunua Kampala mwaka 2007, akaiingiza kwa Mahagi. Ilifika hapa Tchomia mara moja tu. Tuliposhuka mlima baada ya Bogoro, mawe yaling'oa bomba la moshi, tukaingia Kasenyi kwa kelele iliyotoa watu nyumbani wakidhani ni vita. Tangu siku hiyo gari ilikaa Bunia, ndani ya paseli ya mdogo wake.

Usukani wake uko kuume, maana ni gari ya Japani. Kwetu Congo tunatembea upande wa kuume, basi dereva anakaa karibu na mtaro na hawezi kuona mbele akitaka kupita lori. Mimi niliyekaa kushoto ndiye nilikuwa macho yake. "Pita." "Ngoja." "Pita sasa." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya ndoa kwa miaka mingi. Redio yake nayo ni ya Japani, inaishia 90, kwa hiyo karibu stesheni zote za Bunia haizikamati. Tuliongea sisi wenyewe.

Kwa nini mwanaume wa ziwani anunue gari kama hiyo? Ni mambo ya utoto. Alipokuwa kijana alisikia redioni habari za Safari Rally, yale mashindano ya Kenya yaliyoanza 1953, wakati ule yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica ilishinda 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 mpaka 1995. Mwaka 1994 aliyeshinda nayo alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Mzee alikuwa akiyataja majina hayo kama wengine wanavyotaja ukoo wao. Alimpenda zaidi Shekhar Mehta, mtoto wa Kampala, aliyeshinda Safari mara tano, ya kwanza ikiwa 1973 na Datsun. "Ng'ambo tu ya ziwa letu hapa!" alisema, kana kwamba walivua samaki pamoja.

Mwaka 2018 watu walipokimbia na kuvuka ziwa kwenda Uganda, sisi pia tulikimbia. Kila mtu alibeba alichoweza. Nilimwona mzee anaingiza mfuko wa plastiki ndani ya shati lake. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa yetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karti rozi ya gari. Nilikasirika sana. Nilimwambia: "Tunabeba watoto, wewe unabeba karatasi ya gari!" Hakunijibu. Leo ningemwomba msamaha, lakini amekwenda.

Alipokufa, gari ilifunikwa bashi ya plastiki, ikalala miaka mitatu. Hakuna aliyeigusa. Watu walisema ni heshima kwa marehemu. Mimi sasa naita hiyo uvivu wetu, na nitaeleza.

Siku moja baba mdogo wa watoto akanipigia simu. "Shemeji, kuna mtu anataka ile gari. Anatoa dola 500. Imekufa, wataikata wauze piesi. Tuchukue tu." Na mimi nilikuwa na deni la shule la watoto wawili. Nitasema kweli: nilikuwa tayari kujibu ndiyo. Kilichonizuia ni kwamba mtu anayenunua maiti hana haraka, na huyu alikuwa na haraka sana. Alitaka kuja kesho asubuhi na lori.

Nikapanda Bunia siku hiyo hiyo na makayabo yangu, nikatafuta fundi ambaye si rafiki wa shemeji wala wa mnunuzi. Wamama, jambo hilo lishikeni. Fundi aliyeletwa na anayetaka kununua anafanya kazi ya anayetaka kununua.

Fundi aliondoa bashi kwanza, akatikisa kichwa. Plastiki iliyolala juu ya rangi inafungia unyevu ndani; rangi ya juu ya kapo ilikuwa imepauka na kuvimba kama ngozi iliyoungua. Ingekuwa afadhali kivuli cha mabati, hewa ipite. Panya walikuwa wamekula nyaya mbili. Batri ilikuwa imekufa. Esansi ya miaka mitatu ilinuka kama rangi ya nyumba, ikamwagwa yote. Mafuta ya freni, akanieleza, yanakunywa maji ya hewani polepole hata gari ikiwa imesimama, ndiyo maana yanabadilishwa kila miaka miwili. Gari inayolala inazeeka kuliko inayotembea. Mimi nilidhani ninaitunza!

Kisha akanionyesha pine. Kila pine ina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu ilisema 2309, maana yake juma la 23 la mwaka 2009. Meno yake yalikuwa bado mazuri, lakini mpira ulikuwa na nyufa nyembamba. Tangu siku hiyo, hata teksi nikipanda, nainama kwanza kusoma tarakimu, na madereva hawapendi.

Halafu akafungua kapo, akapangusa bati lililo nyuma ya moteri, akaniambia: "Mama, leta karatasi zako tusome pamoja." Nikatoa ule mfuko wa plastiki. Nambari ya bati ilianza na ST202, na ya karti rozi ilianza hivyo hivyo, tukazifuata mpaka tarakimu ya mwisho. Zililingana. Fundi akacheka kwa furaha kama mtu aliyepata jino la dhahabu. Alisema gari nyingi za zamani anazoona, karatasi ni ya gari moja na bati ni la nyingine.

Hiyo ST202 inasema jambo lingine pia. Zile Celica za mashindano ya miaka ya 90 ziliitwa GT-Four: zina tabo, na pine zote nne zinasukuma. Katika umbo hili la taa nne, GT-Four inaandikwa ST205. Ya kwetu inasukuma kwa mbele tu. Kuna wauzaji wanaobandika maandishi ya GT-Four nyuma ya gari ya kawaida ili waongeze bei. Maandishi yanabandikwa kwa gundi. Nambari imepigwa kwenye chuma. Basi nikajua kwamba sina gari ya Safari, nina dada yake mdogo asiyekwenda porini. Mzee alijua hilo muda wote, nadhani, na hakutaka kuniambia.

Lakini moteri yake ni ya jamaa ya 3S, ndugu ya ile iliyo ndani ya RAV4 za kwanza na Ipsum. Hiyo ndiyo habari njema, maana RAV4 na Ipsum fundi wetu wanazijua kama mboga ya sombe. Chujio, pampu ya maji, mkanda wa moteri, vyote vinapatikana. Mkanda huo unabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe. Shida iko kwenye mwili: zile taa nne, vioo vya milango, bampa. Hivyo ni vya Celica tu. Mtoto akipiga mpira ukavunja taa, unaweza kungoja mwezi mzima piesi itoke Kampala. Kwa hiyo sasa nachunga kioo kuliko moteri.

Hesabu ya fundi ilikuwa dola 430, pamoja na pine. Sikuwa nazo. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imekaribia, nikaomba niipate mbele, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Najua yaliyosemwa kwa sababu mengine yalisemwa nikiwa nimekaa pale: "Huyu mama anapeleka pesa ya watoto kwa gari ya marehemu." Usiku ule sikulala. Hawakuwa wajinga waliosema hivyo. Kama karatasi zisingelingana, ao kama kutu ingekuwa imeingia chini ya sakafu ya gari, ningechukua zile 500 na kusema asante. Sishauri mtu yeyote atengeneze gari kwa sababu ya machozi.

Gari ilipowaka, mnunuzi wa pili alitoa 1,800 bila kuizunguka mara mbili. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Basi, shemeji, tuuze, tugawane." Nikamwambia tukae kwanza na tusome.

Hapa naomba subira yenu kidogo. Sheria ya Familia ya nchi yetu ni ya 1987, na ilirekebishwa 2016. Marekebisho hayo ndiyo yaliyoondoa lazima ya mke kuomba ruhusa ya mume ili aweke sahihi yake. Katika urithi, watoto ndio kundi la kwanza. Mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wanakuja katika kundi la pili. Na kama ndoa imeandikwa na hamkuchagua namna nyingine ya mali, kilichonunuliwa ndani ya ndoa ni cha wawili, kwa hiyo nusu ni ya mjane kabla urithi haujagawanywa. Kwa maneno ya jikoni: gari si ya shemeji auze peke yake, na si yangu peke yangu pia. Bila kile cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki ningekuwa naongea hewani. Wamama ambao ndoa yenu haijaandikwa, ofisi ya etasivili iko, nendeni mume akiwa hai na akiwa na afya.

Tukakaa, mimi, shemeji, na binti yangu mkubwa aliye na miaka 19. Binti ndiye aliyesema: "Tusiuze sasa. Siku ya posho Bunia yote inaoa."

Na kweli. Kila siku ya posho misafara ya arusi inapita mjini ikipiga honi, na gari nyekundu ya milango miwili hawana. Tunaikodisha dola 40 kwa siku, dereva ni wetu, haitoki lami. Arusi saba zimeshalipa sehemu kubwa ya ile 430. Shemeji anapata kitu kidogo kwa kulinda, na tangu apate, amejenga kivuli cha mabati mwenyewe. Majuma yasiyo na arusi, binti anaiwasha na kuizungusha mtaani mpaka moteri ipate moto vizuri, maana kuwasha dakika mbili na kuzima kunaiharibu zaidi. Mafuta ya moteri tunabadilisha kila kilomita 5,000 ao kila mwaka, hata ikitembea kidogo.

Tumekubaliana kuiuza binti atakapoingia chuo kikuu, na pesa hiyo imeandikwa jina lake katika daftari. Mnunuzi wa 1,800 bado anapiga simu. Sasa anasema 2,000.

Shida moja tu hatujaimaliza. Nyuma ya Celica hakuna nafasi ya mtu mzima, basi bibi arusi anakaa mbele, na bwana arusi anajikunja nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama mkwe mmoja alilalamika kwamba mwanawe alishuka kanisani suti imekunjamana yote. Siku hii ya posho tuna arusi Mudzi-Pela. Bwana arusi, nimeambiwa, ni mrefu sana.