Msongo wa Mawazo na Mizani ya Chai

Aghalabu msafiri apitaye Kericho na Bomet huona zulia la kijani lililotandazwa vilimani. Mchumaji aliyesimama humo tangu asubuhi, kikapu kikimlemea mgongoni na mvua ya mawe ikimnyemelea alasiri, huona kilo. Ujira wake hufuata mizani. Akiugua, au majani yakiadimika wakati wa kiangazi, mizani haimwulizi sababu. Mjadala wowote kuhusu uwezo wa kuhimili msongo wa mawazo katika maeneo haya unastahili kuanzia hapo.

Wanasaikolojia wamefafanua mengi yenye manufaa. Mwaka 1936 Hans Selye alieleza jinsi mwili unavyoitikia shinikizo: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na shinikizo lisipokoma huchakaa. Mwaka 1999 Daniel Siegel aliufananisha ustahimilivu na dirisha. Ndani ya mipaka yake mtu huwaza na kuamua vyema; akiivuka upande mmoja hujawa na hasira na wasiwasi, akiivuka upande wa pili hufa ganzi. Dirisha hilo hupanuka kwa usingizi wa kutosha, kwa kupumua taratibu, na hasa kwa kuwa na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Hapana shaka mafunzo hayo yanafaa. Kasoro ni pale yanapotolewa peke yake, kana kwamba mzigo ni wa milele na kilichobaki ni kuunenepesha mgongo.

Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kazi inayomdhuru mtu zaidi kiakili ni ile ambayo madai makubwa huandamana na uwezo mdogo wa kuamua. Ni muhali kupata mfano ulio dhahiri kuliko chai. Mkulima mdogo wa Bomet hupeleka majani yake kituoni Januari, akalipwa sehemu tu mwisho wa mwezi; bonasi huijua baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni, kwa kutegemea bei za mnada wa Mombasa ambako hana sauti. Mchumaji wa mashamba makubwa naye ameziona mashine zikifanya kazi ya mikono mingi, na Mei 2023 waandamanaji waliteketeza baadhi yake Kericho. Februari mwaka uo huo, BBC ilitangaza ushuhuda wa wanawake zaidi ya 70 waliosema kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi katika mashamba ya chai nchini. Mwanamke aliyepitia hayo hakupungukiwa na subira.

Wapenzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Katika istilahi "msongo wa mawazo", kitenzi "songa" kimebeba maana ya kubana, lakini kinachobana hakitajwi. Yanayotajwa ni mawazo, nayo yamo kichwani mwa mgonjwa. Methali zinazosifu subira nazo hutajwa upesi mno na watu wasiobeba kikapu. Ile isemayo kuwa mficha maradhi kifo humuumbua haitajwi sana. Si ajabu watu walinyamaza: hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyelemewa hata akajaribu kujiua alihesabiwa mhalifu.

Katika kambi za wafanyakazi, Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya hukutana kwa Kiswahili. Ilhali saikolojia vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Mshauri nasaha anapotafsiri maswali ya kitabuni papo kwa papo, hujibiwa "nimechoka tu", akaandika uchovu. Huenda ndani ya maneno hayo mawili mna deni la karo, usingizi uliopotea na hofu ya msimamizi.

Idara za Kiswahili katika vyuo vya eneo hilo, mathalani Chuo Kikuu cha Kabianga, zingeweza kushirikiana na washauri nasaha kukusanya maneno ambayo wachumaji wenyewe huyatumia kueleza dhiki zao na visababishi vyake. Orodha hiyo iwafae wahudumu wa zahanati, na nakala yake ifike kwa chama cha wafanyakazi kabla ya mkataba unaofuata wa mishahara kujadiliwa. Mahali pa kuanzia ni kambini, jioni, majani yakishapimwa.