Homa imeshuka, brusela bado imo

Kama unaishi Kisanga au kijiji kingine cha Kilosa ambako wakulima na wafugaji ni majirani, homa isiyokwisha isikufanye ufikirie malaria na taifodi peke yake. Ikiwa inakuja na kuondoka, usiku unalowa jasho, kiuno na viungo vinauma, na nyumbani mnakunywa maziwa mabichi au mmezalisha mifugo, mweleze daktari hayo yote. Muulize kuhusu kipimo cha brusela.

Bakteria wa ugonjwa huu alitambuliwa na daktari David Bruce huko Malta mwaka 1887. Ujanja wake ni kujificha. Seli za ulinzi wa mwili hummeza ili zimuue, lakini baadhi hunusurika. Wanasayansi wameliona hilo maabara, katika seli za binadamu zilizokuzwa na kuambukizwa: bakteria hukaa ndani ya kifuko, hukwepa silaha za seli, kisha huzaliana humo bila kuiua seli inayomhifadhi. Akiwa humo, kinga haimfikii kirahisi, na dawa nyingi pia hazimfikii.

Ndiyo maana mtu mzima hutibiwa kwa dawa mbili, kwa kawaida doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na rifampisini au sindano. Watoto wadogo na wajawazito hupangiwa dawa nyingine.

Tatizo ni kwamba homa hushuka mapema, na wengi huacha dawa hapo. Waliojificha huibuka tena. Ugonjwa ukikaa, unaweza kudhuru uti wa mgongo, korodani, hata moyo.

Kwa maoni yangu, kumwambia mgonjwa "maliza dozi" hakutoshi. Mzazi anayepiga hesabu ya nauli na bei ya vidonge ana haki ya kuelezwa kwa nini mtoto anayecheza uwanjani bado anahitaji dawa. Akielewa, atavumilia. Na dukani, vidonge vya siku tano visiuzwe kama tiba ya brusela. Hiyo ni kumpunguzia mtu homa na kumwachia ugonjwa.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yachemke kweli, hata yale ya kugandisha, maana uchachu pekee si kinga ya uhakika. Usishike kondo la nyuma wala ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu. Na ukianza dawa, weka alama kwenye kalenda kila siku hadi wiki ya 6 itimie.