Hela ya kwanza iende kwenye tairi

Mwandishi wa makala ya kuboresha gari ameeleza springi vizuri, ila ameanzia mkiani. Kwa anayeingia otokrosi na gari lake la kila siku, tuseme Mazda MX-5 ya 1990, hela ya kwanza iende kwenye tairi. Unakimbia peke yako kati ya koni, unashindana na saa, na mzunguko huisha kwa dakika moja hivi. Tairi halina muda wa kupata moto. Basi tafuta linaloshika lami likiwa bado baridi, hata kama kwenye saketi ndefu lingechoka mapema.

Rimu za kiwandani za gari hilo ni inchi 14, upana 5.5. Wengi hupanda hadi 15 kwa 8 na tairi la 205/50, maana rimu pana hulizuia tairi kujikunja ubavuni kwenye kona. Lakini someni kanuni kabla ya kwenda dukani! Kwenye madaraja ya Street ya SCCA, klabu ya mbio za magari kule Marekani, upana wa rimu haubadilishwi, kipenyo kinapanda au kushuka inchi moja tu, na tairi liwe na alama ya kulika (treadwear) ya 200 au zaidi. Shokomzoba unaruhusiwa kubadili; springi, hapana.

Kulishusha gari mpaka shokomzoba zinagonga mwisho ni urembo wa barazani tu. Alaimenti iliyolaza kidogo tairi za mbele, juu zikiingia ndani, ni rahisi zaidi na dereva ataihisi kwenye kona ya kwanza.