Aibu ndiyo umbali

Kijana wa Maposeni hana haki ya kulalamikia umbali wa hospitali, maana hospitali ya Peramiho ipo jirani, kwenye misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa 1898. Umbali wake ni mwingine. Dirishani pa hospitali anaweza kumkuta muuguzi anayesali kanisa moja na mama yake, na kijijini habari haihitaji nauli. Huenda ndiyo maana takwimu za afya za 2022 ziliupa mkoa wake wa Ruvuma nafasi mbaya: zaidi ya theluthi moja ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 22. Tusidanganyane kwamba dawa ni somo la darasani tu. Mwanza vijijini, mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi shuleni miaka ya 1999 hadi 2002. Vijana wakajua zaidi, lakini maambukizi ya VVU hayakushuka kama ilivyotarajiwa. Maarifa yanayofaa ni yale ya matumizi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 anapima VVU bila ruhusa ya mzazi. Aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, mradi afike ndani ya saa 72. Diwani, mwalimu, katekista: yatamkeni haya mawili mkutanoni, na zahanati iwatengee vijana saa yao, mlango ukiwa umefungwa.