Vocha au Kredi?

Sisi wa Maneromango tuvukapo mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, yafaa tununue laini ya huko. Namba zetu huanza na 255, zao 254, na kupiga simu ugenini kwa laini ya nyumbani mara nyingi humaliza salio upesi. Utatoa hati yako ya kusafiria, usajiliwe.

Hapo lugha nayo huvuka mpaka. Neno “laini” wataelewa, ila ukiomba vocha, huenda ukaulizwa, “Kredi ya ngapi?” Wapo wanaocheka, wakidai jirani ameharibu Kiswahili. Sikubaliani nao. Maneno yote mawili yametoka katika Kiingereza. Hakuna lililo safi kuliko mwenziwe. Sisi tuliazima jina la karatasi inayokwanguliwa, wao wakaazima jina la thamani iliyomo.

Basi, ewe msafiri, laini ya nyumbani usiitupe, kwani ndiyo iliyofungamana na fedha zako za simu. Maneno ya nyumbani nayo yatunze, huku ukijifunza ya mwenyeji. Simu moja hubeba laini mbili. Ulimi utashindwaje kubeba maneno mawili?