BARUTI SI MOJA



Katika machimbo ya mawe kila kitu kipasukacho huitwa baruti. Mnyapara akisema "leta baruti," mtu hutia sanduku begani akaenda. Jina hilo moja latosha kwa mazungumzo, lakini kwa kazi halitoshi, maana vitu vyenyewe havina tabia moja.

Baruti nyeusi ya gobori huungua tu, ijapokuwa kwa haraka. Baruti kali si hivyo. Mshindo hupita ndani yake kwa mwendo uishindao sauti. Katika TNT hukaribia mita 7,000 kwa sekunde moja. Hapo hakuna nafasi ya kukimbia.

Na baruti kali nazo ni aina mbili. Ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya fataki. Ni kidogo mno, lakini hasira zake ziko karibu: kugongwa, kusuguliwa au cheche moja yatosha. Ya pili ndiyo ya kupasulia mwamba, kama dainamaiti ambayo Alfred Nobel aliipatia hati mwaka 1867, miaka mitatu baada ya nduguye Emil kuuawa na mlipuko wa nitroglisarini. Hii kwa kawaida hungoja kuamshwa na fataki. Kwa hiyo kanuni za Umoja wa Mataifa huziweka zote katika Daraja la 1, lakini kwa herufi mbalimbali: fataki kwa kawaida B, dainamaiti D. Herufi hiyo imeandikwa juu ya sanduku. Hata hivyo twapata habari za lori moja kuchukua vyote viwili, na vibarua wamekaa juu yake!

Asidanganyike mtu kwamba aina ya pili ni ya upole. Dainamaiti iliyozeeka hutoka jasho, na jasho hilo ni nitroglisarini yenyewe. Amonia naitreti, ambayo wengi waijua kama mbolea, ilikuwa tani 2,750 katika bohari ya bandari ya Beirut; moto ulipoifikia tarehe 4 Agosti mwaka 2020, watu zaidi ya 200 walikufa.

Tena yule mwenzetu anayeumwa kichwa baada ya kushika dainamaiti huambiwa ni pombe ya jana. Si pombe. Nitroglisarini huingia kwa ngozi na kwa pumzi, ikapanua mishipa ya damu.

Twataka waajiri wafanye haya: maandishi ya sanduku yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wachukuzi, fataki zipewe gari lake na ghala lake, na glavu zitolewe bila kukatwa mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi aonaye hatari kubwa ampashe habari msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Makatibu wa matawi watuletee majina ya machimbo ambako fataki na dainamaiti zalala chumba kimoja, ili tuyapeleke mezani kwa waajiri.